Jinsi mwanga unavyofichua parachichi changa bila kisu

ELDORET

Mparachichi uliosimama nyuma ya nyumba katika mtaa wa Elgon View, jijini Eldoret, hauonekani kuwa na siri yoyote. Mwenye nyumba ameyaona matunda yake tangu yalipokuwa madogo kama zeituni, na ameyatazama yakinenepa kwa miezi mingi. Hata hivyo, mnunuzi afikapo langoni na kreti zake na kuuliza iwapo matunda hayo yamekomaa, swali lenyewe huwa gumu kuliko linavyosikika. Ganda la leo ni la kijani, kama lilivyokuwa miezi miwili iliyopita.

Swali lilo hilo likiulizwa katika mashamba ya Moiben, Soy, Turbo au Kesses, ambako baadhi ya wakulima waliozoea mahindi na ngano wamegeukia maparachichi ya aina ya Hass, jibu lake huamua iwapo jasho la miaka mitatu au minne ya kungoja litalipwa. Likijibiwa vibaya, mzigo huvuka bahari na kukataliwa upande wa pili.

Ni katika pengo hilo ambapo vifaa vidogo vya mwanga, vinavyoshikwa mkononi kama kamera, vimeanza kupata nafasi katika biashara ya matunda duniani. Kifaa huwekwa juu ya ganda, mwanga huwaka kwa muda mfupi, na baada ya sekunde chache tarakimu huonekana kwenye kioo chake. Tunda halikatwi wala halichumwi, na likionekana bado changa huachwa mtini liendelee kukua.

Ili kuelewa tarakimu hiyo ina maana gani, yafaa kwanza kutenganisha mambo mawili ambayo Kiswahili chenyewe kimeyatenganisha tangu jadi, nayo ni kukomaa na kuiva. Mkungu wa ndizi hukomaa mgombani, kisha huvumbikwa ndipo ukaiva. Parachichi nalo ni vivyo hivyo. Halilainiki likiwa mtini. Hukomaa huko, na huanza kuiva baada tu ya kuchumwa. Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu, lakini aliyechuma parachichi changa anaweza kuvumilia mwezi mzima na bado asile chochote cha maana. Tunda hilo hunyauka, ganda lake hukunjamana, nyama yake huwa kama mpira na ladha yake ni ya maji.

Kwa Hass tatizo huwa gumu zaidi, kwa kuwa rangi yake nyeusi yenye zambarau ni dalili ya kuiva, si ya kukomaa. Fuerte, aina nyingine inayouzwa nje, hubakia kijani hata ikiwa tayari kuliwa. Wakulima wazoefu wana dalili zao: ganda kupoteza mng'ao, kikonyo kuanza kuwa manjano, na ganda jembamba la kokwa kugeuka kahawia na kukauka mfano wa karatasi. Dalili hii ya mwisho ndiyo ya kuaminika kuliko zote, lakini haionekani mpaka tunda lipasuliwe.

Kinachobadilika ndani ya parachichi linapokomaa ni mafuta. Kadiri siku zinavyosonga, mafuta huongezeka na maji hupungua. Jimbo la California nchini Marekani lilitambua hilo mapema. Sheria yake ya mwaka 1925 ilitaka parachichi la kuuzwa liwe na mafuta yasiyopungua asilimia 8. Kupima mafuta kulikuwa kazi ya maabara, yenye gharama na kemikali. Baadaye ilibainika kwamba uzito mkavu, yaani kile kinachobaki baada ya maji yote kuondolewa, hupanda pamoja na mafuta, nao hupimwa kwa urahisi zaidi. Hivi leo viwango vya kimataifa vya Codex vinataka Hass iwe na uzito mkavu usiopungua asilimia 21. Wanunuzi wengi wa Ulaya hutaka zaidi ya hapo.

Nchini Kenya, jukumu la kulinda kiwango hicho liko mikononi mwa Mamlaka ya Kilimo na Chakula (AFA) kupitia kurugenzi yake ya mazao ya bustani. Katika miaka ya hivi karibuni, mamlaka hiyo imekuwa ikisimamisha usafirishaji wa maparachichi kwa njia ya bahari kuelekea mwisho wa mwaka, msimu mkuu unapokwisha na matunda mengi mtini yakiwa bado machanga. Oktoba 2024 ilifanya hivyo tena. Kabla ya kufungua upya, maafisa hupima matunda kutoka maeneo yanayoyakuza.

Hatua hiyo ina sababu. Parachichi la Kenya husafirishwa kwa meli kutoka Mombasa likiwa limehifadhiwa katika baridi ya nyuzijoto kati ya 5 na 7, na safari ya Ulaya huchukua wiki kadhaa. Tangu mashambulizi dhidi ya meli katika Bahari ya Shamu yaanze mwishoni mwa 2023, meli nyingi zililazimika kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, na safari ikarefuka. Kontena moja lililochanganyika matunda machanga na yaliyokomaa huwa balaa kwa mnunuzi: mengine yataiva njiani, mengine hayataiva kamwe. Soko likishalaani zao la nchi, laana hiyo humwangukia hata mkulima aliyengoja kwa subira. Soko la China nalo, ambalo lilipokea shehena ya kwanza ya maparachichi mabichi ya Kenya mwaka 2022, halikupatikana kwa urahisi.

Lakini tarehe moja ya nchi nzima haiwezi kuwatendea haki wote. Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na katika nyanda za juu zenye baridi tunda huchelewa kukomaa likilinganishwa na lile la maeneo ya chini yenye joto. Aidha, kwa kuwa nchi iko kwenye ikweta, mparachichi mmoja unaweza kuchanua zaidi ya mara moja kwa mwaka, hivyo tawi moja likabeba matunda ya rika mbili. Kalenda haiwezi kuyatenganisha, wala jicho. Mabroka wanaonunua mti mzima kwa bei moja na kuukung'uta wote kwa siku moja hawajishughulishi hata kujaribu.

Njia ya kawaida ya kupima uzito mkavu ni ya jikoni hasa. Nyama ya tunda hukunwa, hupimwa kwenye mizani, hukaushwa katika tanuri au maikrowevu mpaka uzito wake usipungue tena, kisha hupimwa upya. Gramu 10 zikibaki gramu 2.4, tunda lina uzito mkavu wa asilimia 24. Njia hii ni sahihi na haina fumbo, ila huua tunda, huchukua muda, na inawahusu matunda machache tu yaliyotolewa kafara. Yale maelfu yaliyobaki mtini hukisiwa.

Kifaa cha mwanga hufanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Ndani yake mna taa ndogo inayotoa mwanga tunaouona pamoja na miale ya infraredi ambayo macho ya binadamu hayawezi kuiona. Miale hiyo iligunduliwa na mwanafalaki William Herschel nchini Uingereza mwaka 1800, alipopitisha mwanga wa jua kwenye mche wa kioo na kuona kuwa kipimajoto kilichowekwa pembeni mwa rangi nyekundu, mahali palipoonekana kuwa na giza, kilipanda kuliko vyote.

Miale inayotumika kwa matunda huwa na urefu wa mawimbi wa takriban nanomita 700 hadi 1,100. Faida yake ni kwamba hupenya ganda na kuingia milimita kadhaa ndani ya nyama, ikagongana na chembe za maji, mafuta, sukari na wanga, kisha sehemu yake ikarudi nje. Kila kimojawapo cha vitu hivyo humeza miale ya urefu fulani kuliko mingine. Maji, kwa mfano, humeza sana karibu na nanomita 970. Mafuta hujidhihirisha karibu na 930. Kihisi hupokea mwanga unaorejea, huutawanya kama upinde wa mvua na kuhesabu ni kiasi gani kimepungua kila mahali. Tunda lenye maji mengi hurudisha sura moja ya mwanga, lenye mafuta mengi sura nyingine.

Mama anayeinua yai mbele ya taa kuona kama ni zima anatumia kanuni iliyo jirani na hiyo. Na kwa kweli mhandisi Mmarekani Karl Norris, anayetajwa kama baba wa upimaji huu, alianza na mayai katika kituo cha utafiti cha Wizara ya Kilimo ya Marekani huko Beltsville, Maryland, kabla ya kugeukia unyevu wa nafaka. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Wajapani walikuwa wameanza kuchambua matunda kwa miale hiyo katika mitambo mikubwa ya vituo vya kupakia. Kilichokuja baadaye ni kupungua kwa ukubwa na bei ya vihisi, hadi mtambo ukaingia mkononi. Nchini Australia, wakulima wa maembe wamekuwa wakitumia vifaa vya namna hii kuamua siku ya kuchuma, baada ya kazi ndefu ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Central Queensland. Kampuni ya Felix Instruments ya Marekani inatengeneza kimoja mahususi kwa maparachichi.

Kenya nayo si mgeni wa fani hii, ingawa si kwa matunda. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wa kituo cha kilimo-misitu cha ICRAF huko Gigiri, Nairobi, wamekuwa wakitumia miale ya infraredi kusoma rutuba ya udongo kutoka pembe mbalimbali za Afrika, badala ya kutegemea kemikali za maabara peke yake.

Hapa ndipo msomaji anapopaswa kuwa macho. Kifaa hicho hakipimi uzito mkavu. Hupima mwanga, kisha hukisia uzito mkavu kutokana na mwanga huo. Ili kiweze kukisia, lazima kwanza kifunzwe. Mamia ya matunda hupimwa kwa mwanga, kisha yayo hayo hukatwa na kukaushwa, na hesabu hutafuta uhusiano kati ya sura ya mwanga na matokeo ya tanuri. Uhusiano huo ndio akili ya kifaa. Pasipo hiyo, kilichobaki ni taa na kioo. Mwaka 2014 kampuni ya Israel, Consumer Physics, ilikusanya zaidi ya dola milioni 2 kutoka kwa umma mtandaoni kwa ajili ya kihisi cha mfukoni kiitwacho SCiO, kilichotarajiwa kueleza kilichomo ndani ya chakula chochote. Shauku ilikuwa kubwa, lakini kila chakula kipya huhitaji mafunzo yake.

Kifaa kilichofunzwa kwa Hass ya California au ya Murang'a hakina sababu ya kuielewa Fuerte, sembuse parachichi la kienyeji lenye ganda laini linalomea katika nyua za Elgon View. Hata Hass yenyewe, ikikuzwa katika baridi ya Uasin Gishu na kunyeshewa mvua tofauti, inaweza kutoa mwanga unaopotoka kidogo na ule kifaa ulichozoea. Joto la tunda nalo lina neno. Sura ya maji katika mwanga hubadilika kulingana na joto, kwa hiyo tunda lililopimwa saa moja asubuhi, umande wa Eldoret ukiwa bado juu yake, laweza kusomeka tofauti na lilivyosomeka saa saba mchana. Mwanga wa jua ukipenya pembeni mwa kifaa huharibu hesabu. Ganda la Hass, lenye vinundu na unene, huipa miale kazi ya ziada, na uzito mkavu wenyewe haulingani kutoka shingoni hadi tumboni mwa tunda.

Kwa sababu hizo, kosa la pointi moja au mbili za asilimia si jambo la ajabu. Maana yake ni kwamba tunda lililosomeka 24 laweza kuwa 22 au 26. Kwa tunda moja, hiyo ni tofauti ya kupita na kukataliwa. Dawa yake ni kupima mengi, tuseme 20 au zaidi kutoka pande zote za miti kadhaa, na kuchukua wastani, kwa kuwa makosa ya kupanda na kushuka huelekea kufutana. Lakini kuna kosa la aina ya pili ambalo wastani hauliponyi: kifaa kinachosoma chini kila mara, kama mizani iliyowekewa jiwe. Hata ukipima matunda 1,000, kitadanganya mara 1,000 kwa upande uo huo. Njia pekee ya kukinasa ni kurudi kwenye tanuri na kukausha matunda machache kati ya yale yaliyopimwa.

Mkulima wa Uasin Gishu hahitaji kuelezwa sana uzito wa jambo hili. Anakijua kifaa cha kupima unyevu wa mahindi katika maghala ya Bodi ya Nafaka na Mazao (NCPB), ambako mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia 13.5 hurudishwa yakakaushwe. Anajua pia jinsi lori linavyoweza kulala kwenye foleni kisha tarakimu moja ikaamua lirudi lilikotoka. Kifaa cha unyevu wa mahindi aghalabu hutumia umeme wala si mwanga, lakini hali ya mtu aliyesimama mbele yake ni ile ile: kipimo kimeshikwa na mnunuzi, naye muuzaji husubiri kuambiwa.

Iwapo vifaa vya mwanga vitaenea katika ununuzi wa maparachichi, nguvu hiyo ya langoni itahamia shambani. Mnunuzi mwaminifu atakitumia kuwaambia wakulima wangoje wiki tatu zaidi, nao watafaidi uzito na bei. Asiye mwaminifu atapata kisingizio cha kisayansi cha kuteremsha bei ya mzigo ambao ataununua vivyo hivyo. Mizani ya sokoni hukaguliwa na kupigwa muhuri na maafisa wa vipimo. Mkulima anayeonyeshwa tarakimu kwenye kioo ana haki ya kuuliza kifaa kilifunzwa kwa aina gani ya parachichi, kilikaguliwa lini dhidi ya tanuri, na kama anaweza kuona kipimo cha kila tunda badala ya kuambiwa jumla.

Bei ya vifaa vilivyo bora ni maelfu ya dola za Marekani, kiasi ambacho mwenye ekari mbili hawezi kukihalalisha. Kwa chama cha ushirika chenye wanachama 200, hesabu ni nyingine. Kifaa kimoja kinaweza kuzunguka mashambani kwa zamu, na hapo ndipo ubora wake juu ya tanuri huonekana: tunda lile lile, likiwa limefungwa utepe tawini, laweza kupimwa wiki hii, wiki ijayo na ile inayofuata, hadi mkulima aone mwendo wa kukomaa kwa shamba lake badala ya picha ya siku moja.

Kwa wanaokuza matunda ya karakara, ambayo pia yana wakulima wake katika kaunti hii, kipo kifaa cha mwanga cha bei nafuu zaidi, rifraktomita. Hiki huhitaji tone la maji ya tunda. Mwanga hupinda unapopita katika maji yenye sukari, na kadiri sukari inavyokuwa nyingi ndivyo unavyopinda zaidi. Mtumiaji huchungulia na kusoma mstari. Hakifai kwa parachichi, ambalo utajiri wake ni mafuta wala si sukari, na mchuuzi anayekiuza kwa mkulima wa Hass anapaswa kukaripiwa.

Asiye na kifaa chochote bado ana maikrowevu, ambayo katika nyumba nyingi za Elgon View imo jikoni tayari. Jambo la kuchunga ni mizani. Mizani ya jikoni inayosoma gramu nzima nzima haifai kwa sampuli ya gramu 10, kwa kuwa itaonyesha ama 2 au 3, yaani asilimia 20 au 30, na jibu lenyewe limejificha katikati. Mwenye mizani ya namna hiyo na akune gramu 100, azitandaze kwa wembamba kwenye sahani, atumie moto mdogo ili zisiungue, na azipime kila baada ya dakika chache hadi uzito usishuke tena. Zikibaki gramu 24 au zaidi, anaweza kumwita mnunuzi. Zikibaki 18, matunda mengine yaachwe mtini, na jaribio lirudiwe baada ya wiki mbili kwa matunda kutoka upande mwingine wa mti.